Jino Lililolegea Bila Kuuma

Daktari alikuwa akitaja tarakimu kwa sauti ya kawaida, na msaidizi wake akiziandika kwenye karatasi yenye mchoro wa meno: tatu, mbili, tatu, nne, tatu, sita, saba, sita, nane. Mkononi alishika kifaa chembamba chenye alama za milimita, akakipenyeza taratibu kati ya jino na ufizi, akasoma, akasogea, akapenyeza tena, mahali sita kwa kila jino. Alipofika kwenye magego, kila alipokitoa kilifuatwa na tone la damu. Shangazi alikuwa amelala kwenye kiti huku amefumba macho, mikono ameikunja juu ya kanga yake, na hakushtuka hata mara moja.

Alikuwa amekuja Dar es Salaam kwa jambo moja tu. Jino lake la mbele la chini lilikuwa likicheza kwa miezi, naye alitaka ling'olewe siku hiyohiyo ili kesho yake awahi basi la kurudi Korogwe.

Daktari alizima taa, akaturudisha mezani na kutuonyesha picha ya eksirei. “Mama, jino hili siling'oi leo,” alisema. “Tatizo lako si jino moja. Fizi zote za nyuma zimeachia, na mfupa unaoshika meno umepungua kwa karibu nusu.”

Shangazi aliitazama picha kwa muda, kisha akauliza: “Mbona haliumi, daktari?”

Swali hilo lilinikaa kichwani kwa wiki nyingi, kwa sababu sote katika familia yetu tumelelewa tukiamini kwamba jino lenye ugonjwa ndilo linalouma, na lisilouma ni zima.

## Kinachoendelea chini ya ufizi

Majibu niliyoyapata, kwa daktari yule na kwa kusoma, yalinifanya niuangalie upya mdomo wangu mwenyewe. Jino lililooza huuma vibaya kwa sababu uvimbe wake umefungiwa ndani ya jino, ambamo hakuna nafasi ya kutanuka, kwa hiyo shinikizo lote huangukia mshipa wa fahamu. Ugonjwa wa fizi haufungiwi namna hiyo. Ukoga unaoganda kando ya jino huwa umejaa bakteria. Wanapoteremka chini ya ufizi, ufizi huvimba na kuachana na jino, na hapo hutokea mfuko. Mfuko huo una mdomo wazi kwa juu, hivyo usaha na majimaji hupata pa kutokea bila kujikusanya. Maumivu makali huja pale tu mdomo wa mfuko unapoziba na jipu likatunga, na kwa kawaida wakati huo mfupa mwingi huwa umekwisha kupotea.

Nilichochelewa kukielewa ni kwamba mfupa huo hauliwi na bakteria moja kwa moja. Ni mwili wenyewe, katika kupigana na bakteria usioweza kuwafikia, unaoamuru chembe zake ziuyeyushe mfupa ulio karibu na uchafu, kana kwamba unajiondoa kwenye eneo la vita. Vita hiyo huendelea kwa miaka, polepole, leo upande huu na kesho upande ule. Jino huendelea kuwa jeupe, gumu, lisilo na tundu, hali ya kuwa linazidi kufanana na nguzo ya uzio ambayo mvua imeufukua udongo wake msimu baada ya msimu.

Ufizi wenye afya una mfereji wa milimita 1 hadi 3. Milimita 4 na 5 ni onyo, na kuanzia 6 ni mfuko mrefu ambao mswaki hauwezi kuufikia hata ukitumiwa kwa bidii gani. Shangazi alikuwa na mifuko ya milimita 7 na 8 kwenye magego yote manne ya mwisho. Katika mpangilio ambao madaktari wa fizi duniani waliukubali mwaka 2017 na kuuchapisha mwaka 2018, ugonjwa umegawanywa katika hatua 4. Wake uliandikwa hatua ya tatu.

Kuna jambo ambalo daktari alilisema mara mbili, nami nalirudia hapa kwa sababu ndilo lililobadilisha matarajio yetu. Ufizi uliovimba tu, kabla mfupa haujaguswa, hupona kabisa ukisafishwa. Mfupa ukishapungua, kwa sehemu kubwa haurudi. Kinachowezekana ni kuusimamisha ugonjwa pale ulipofika na kuuzuia usiendelee.

Neno “kupona” tuliliacha pale ofisini.

## Haya

Usiku ule shangazi hakula chakula kingi. Nilidhani ni fizi zinazomsumbua baada ya kupimwa, lakini baadaye aliniambia kwamba alikuwa akijisikia haya. “Watasema mimi mchafu,” alisema. Katika familia yetu hakuna mwanamke anayeshika usafi kama yeye. Anapiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Alipokuwa msichana alitumia kijiti cha mswaki kilichotafunwa mpaka kikawa laini, na hata sasa akikosa dawa ya meno hutumia chumvi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ana ugonjwa mkubwa wa fizi ni kama kumtuhumu.

Nami, nikiwa mkweli, nilikuwa na shaka yangu. Kila tangazo la afya ya kinywa nililowahi kuliona lilisema jambo moja: piga mswaki vizuri, utakuwa salama. Ikiwa hilo ni kweli, basi aliyepatwa na ugonjwa ndiye aliyezembea. Haikuniingia akilini kwamba shangazi alizembea, na pia haikuniingia akilini kwamba matangazo yote yalikuwa ya uongo.

Ukweli uko katikati, na umejulikana muda mrefu. Mwaka 1965, huko Aarhus nchini Denmaki, mtafiti Harald Löe na wenzake walichapisha jaribio la watu 12 wenye fizi nzima ambao walikubali kuacha kabisa kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa wamevimba fizi, na waliporejea kwenye mswaki fizi zao zikarudi kuwa nzima. Hapo hapana ubishi: ukoga ndio unaoanzisha.

Hata hivyo Löe huyohuyo aliendelea, na kazi yake ya pili ndiyo iliyonipa pumzi. Kuanzia mwaka 1970 timu yake iliwafuatilia kwa miaka 15 wanaume 480 waliofanya kazi kwenye mashamba ya chai nchini Sri Lanka. Hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki, hawakuwa na daktari wa meno, na karibu wote walikuwa na ukoga na ugaga mwingi, yaani ukoga uliogeuka mgumu kama jiwe. Kama uchafu peke yake ungekuwa ndio hukumu, wote wangepoteza meno kwa mwendo mmoja. Haikuwa hivyo. Asilimia 8 waliharibika haraka sana, asilimia 81 waliharibika kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakuvuka kiwango cha fizi kuvimba.

Karibu nasi zaidi, miaka ya 1980, watafiti walipima vinywa vya watu wazima wa vijijini katika wilaya ya Machakos nchini Kenya. Walikuta ukoga na ugaga kwa karibu kila mtu, ila mifuko mirefu na upotevu mkubwa wa mshiko wa meno ulikuwa umejikusanya kwa kundi dogo la watu, na wengi walifika uzeeni wakiwa bado na meno yao mengi. Taarifa hiyo ilichangia kuwafanya wasomi wa fani hiyo waache kuuona ugonjwa huu kama mwisho usioepukika wa kila ufizi unaovuja damu.

Kwa hiyo kuna miili inayouchukulia ukoga kwa hasira kuliko mingine, na hasira hiyo kwa kiasi fulani hurithiwa. Huongezwa na sigara, na huongezwa na kisukari kisichodhibitiwa. Mtu wa kundi hilo anaweza kupiga mswaki sawasawa na jirani yake, jirani akazeeka na meno yote, naye akaanza kulegea meno akiwa na miaka 40. Anachodaiwa na mwili wake ni usafi wa kiwango ambacho jirani hahitaji, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Nilimpigia shangazi simu, nikamweleza habari za Sri Lanka na Machakos. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi ndiyo yale ya baba yako.”

Baba yangu, kaka yake, alibaki na meno machache kabla hajafika miaka 60. Sote tulisema ni uzee. Alikuwa mvutaji, na fizi zake hazikuwahi kutoka damu, jambo ambalo tulilihesabu kuwa dalili njema. Sasa najua kwamba sigara hupunguza utokaji wa damu kwenye fizi, kwa hiyo mvutaji hupoteza hata ile dalili moja ambayo ingemwonya.

## Ugaga ulipotolewa

Matibabu yenyewe hayana maajabu. Shangazi alichomwa ganzi, upande mmoja wa mdomo kwanza na mwingine baadaye, kisha daktari akaingia chini ya fizi kwa mashine inayotetemeka na kumwaga maji, akamalizia kwa vyuma vya mkono, mzizi kwa mzizi. Alituwekea kipande kimoja cha ugaga juu ya pamba ili tukione. Kilikuwa cheusi, kisichofika hata milimita tatu, kimepinda kufuata umbo la mzizi kilipotoka, na nilipokigusa kwa ukucha hakikusagika. Ugaga wa juu ya fizi huwa wa njano. Ule wa chini huwa mweusi, kwa kuwa umekaa ndani ya damu kwa miaka.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko nilivyotarajia.

Fizi zilipoanza kunywea, meno ya shangazi yalionekana marefu. Kati ya meno ya mbele yalitokea matundu meusi ambayo hakuwa nayo. Maji ya baridi yalimchoma mpaka akawa anakunywa ya uvuguvugu. Baya zaidi, lile jino la mbele lilicheza kuliko mwanzo, na la jirani yake nalo likaanza. Kule nyumbani Korogwe kila aliyesikia alisema lilelile ambalo watu wetu wamelisema siku zote: kusafishwa na daktari hulegeza meno. Shemeji yake alimwambia kwamba amelipa fedha ili aharibiwe.

Hapo ndipo nilipokaribia kuyumba. Nilikuwa mimi niliyemshawishi, na ushahidi wa macho ulikuwa upande wao.

Nilimwandikia daktari, naye alinipigia jioni ile. Alieleza kwamba ugaga mwingi huunganisha meno na kuyashika yasicheze, kwa hiyo ukiondolewa, ulegevu uliokuwepo tayari ndio unaojitokeza. Urefu wa meno ni uvimbe uliokwisha: ufizi umeshuka hadi mahali ambapo mfupa umeshuka zamani, na sehemu ya mzizi iliyofunuliwa ndiyo inayohisi baridi, hali ambayo mara nyingi hupungua kwa wiki kadhaa na kwa dawa ya meno ya meno yanayochomwa na baridi. Aliomba tusihukumu mpaka miezi mitatu ipite, kwa kuwa ufizi huchukua muda huo kujikaza kwenye jino, na kupima mapema huufungua tena.

Maelezo hayo yangetolewa kabla ya ganzi ya kwanza, yangetuokoa usiku mwingi. Nalisema hili kwa madaktari wanaosoma hapa: mgonjwa aliyeambiwa mapema kwamba meno yatarefuka hurudi, na asiyeambiwa huenda kung'oa.

## Vidonge vya dukani

Katika kipindi hicho shemeji alimnunulia shangazi amoksilini na flajili kwenye duka la dawa. Nilimsihi asizimeze. Bakteria wa kwenye ukoga hawaelei mmojammoja. Wameshikamana katika utando unaowakinga, na dawa ya kumeza haiupenyi vya kutosha utando huo usipobomolewa kwanza kwa mkono. Yapo mazingira ambapo daktari huongeza antibayotiki baada ya kusafisha, ila vidonge pekee hutuliza uvimbe kwa siku chache, kisha ugonjwa huendelea pale ulipokuwa, na bakteria sugu huongezeka. Maji ya chumvi na karafuu hufariji, hayafiki mwisho wa mfuko wa milimita 7. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini hufaa kwa muda mfupi, na ikizidishwa hupaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula.

## Sukari

Shangazi ana kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Hakuna kliniki ya sukari iliyowahi kumtazama kinywani, na hakuna mtu wa meno aliyewahi kumuuliza kuhusu sukari, mpaka daktari huyu alipotaka kuona kipimo chake cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi mitatu. Kilikuwa juu ya asilimia 8.

Uhusiano wa magonjwa haya mawili huenda pande zote mbili. Sukari iliyopanda huudhoofisha ufizi katika kupambana na bakteria na kuharakisha upotevu wa mfupa. Nao uvimbe wa kudumu wa fizi hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio mengi, yalionyesha kwamba kutibu fizi hupunguza kipimo hicho kwa wastani wa pointi 0.43 za asilimia katika miezi mitatu hadi minne. Si badala ya dawa ya kisukari, lakini si kidogo.

Kipimo cha shangazi kilichofuata kilishuka. Alikuwa pia amepunguza ugali na kuanza kutembea jioni, kwa hiyo sitasema ni fizi. Ninachosema ni kwamba kitabu chake cha kliniki ya sukari sasa kina mstari mmoja kuhusu fizi, ulioandikwa na daktari wa meno, na muuguzi wa kule huuliza habari zake.

## Miezi mitatu mitatu

Alipopimwa tena, nilikaa kwenye kiti kilekile cha pembeni nikisikiliza tarakimu. Mifuko mingi ya 6 ilikuwa imeshuka hadi 4. Damu ilitoka mahali pachache. Gego moja la juu lilibaki na 8, kwa sababu mizizi yake mitatu imegawanyika mahali ambapo chuma hakifiki. Daktari alizungumzia upasuaji mdogo wa kufungua ufizi, kisha akasema kwa uaminifu kwamba kwa gego lile haoni faida yake. Lilitolewa. Lile la mbele, ambalo shangazi alikuja kuling'oa, lilifungwa na majirani zake kwa uzi mwembamba wa chuma na gundi ya meno upande wa ulimi. Bado lipo, naye anatafuna mahindi laini.

Kazi ngumu ilianzia hapo. Bakteria hurudi chini ya fizi ndani ya wiki na miezi michache, na ndiyo sababu mgonjwa wa kiwango chake hutakiwa kurudi kusafishwa kila baada ya miezi mitatu hivi, maisha yake yote. Nyumbani anatumia miswaki midogo ya kupitisha katikati ya meno, yenye ukubwa tofauti: mwembamba mbele, mnene nyuma. Mwanzoni vidole vyake, vilivyokakamaa kwa baridi yabisi, vilishindwa kuishika. Binti yake alifunga kitambaa kwenye mpini, akakishona, na sasa inashikika.

Hesabu ya fedha inanitesa. Nauli kutoka Korogwe, malipo ya kusafisha, siku mbili za kuacha duka lake. Zidisha mara nne kwa mwaka. Kung'oa jino ni rahisi kupatikana karibu kila wilaya na gharama yake huisha siku hiyo. Kulilinda hudai safari zisizokwisha, na huduma yenyewe iko katika miji michache. Nilijiuliza kwa muda mrefu kama tunamtendea haki, au tunamlipisha kwa ajili ya imani yangu mimi niliyesoma. Jibu lililonituliza lilitoka kwake. Alisema dada yake alitengenezewa meno ya bandia ya chini, na kwa kuwa taya yake imenywea hayakai, kwa hiyo huyavaa msikitini na harusini na kuyavua wakati wa kula. “Mimi nataka ya kulia chakula,” alisema.

Tumegawana gharama ndugu wanne. Pia tumempata daktari wa kinywa na meno Tanga mjini, karibu zaidi na nyumbani kwake, aliyekubali kufuata ile karatasi ya vipimo. Yule wa Dar es Salaam atamwona mara moja kwa mwaka. Ninaamini kwamba usafishaji wa fizi unastahili kupewa uzito uleule tunaoupa ung'oaji katika hospitali za wilaya, kwa sababu Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi umewapata watu zaidi ya bilioni 1, karibu asilimia 19 ya wote waliofika miaka 15 na kuendelea. Watu wengi kiasi hicho hawawezi wote kuwa wazembe wa mswaki.

## Sisi tuliobaki

Kwa kuwa baba alikuwa na ugonjwa huu na shangazi anao, daktari alishauri watoto wa pande zote mbili tupimwe kwa kile kifaa chenye alama, si kutazamwa tu kwa tochi. Ombi la kupimwa hivyo ni la kawaida kabisa, na daktari yeyote wa meno anaweza kulitimiza kwa dakika chache. Kaka yangu mkubwa alikuta tarakimu zote ni 2 na 3, ingawa ndiye mwenye ugaga mwingi kuliko sisi sote. Zangu ni za kawaida, isipokuwa mahali pawili. Mdogo wetu wa kike, mwenye miaka 34 na meno meupe yanayosifiwa na kila mtu, alikutwa na milimita 5 na 6 nyuma ya magego, na eksirei ikaonyesha kwamba mfupa umeanza kushuka.

Hakuwa na maumivu yoyote. Amesafishwa mwezi huu, shangazi amemwonyesha kwa simu namna ya kupitisha ule mswaki mdogo bila kuuchoma ufizi, na atapimwa tena baada ya miezi mitatu.